Siagi ya Mombasa, asubuhi jiwe adhuhuri mchuzi

Saa kumi na mbili unusu asubuhi kwetu hapa Tudor ni vita. Watoto wanataka chai, basi la shule lishapiga honi mara moja, na mimi nimesimama na boflo mkono mmoja na kisu mkono wa pili nang'ang'ana na siagi iliyotoka kwenye friji ngumu kama tofali. Ukiiweka juu ya mkate ukaisukuma, mkate ndio unaochanika, siagi yenyewe imekaa pale pale kama kigingi, mwisho mtoto anapewa kipande chenye shimo katikati na bonge la siagi baridi upande mmoja, na yule mdogo ashaanza kulia ati hataki "ile ngumu". Basi siku moja nkasema potelea mbali, leo siagi hairudi kwenye friji, italala mezani kama chumvi na sukari.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi limeshika. Niliporudi kazini saa kumi kasoro, karatasi iko, siagi haiko. Mezani pana ziwa la njano na chungu wamejipanga kutoka dirishani mpaka pale kama watu wanaongoja feri Likoni. (Chungu wa kutambaa nasema, si chungu cha kupikia, ingawa hicho nacho kitakuja mbele.)

Sasa shida yangu ni kwamba kila mahali ukisoma mambo ya siagi wanakwambia iache tu nje, siagi haiharibiki, weka kwenye kibakuli chenye kifuniko itakaa laini "kwa joto la chumbani". Joto la chumba cha nani? Hao wanaoandika chumba chao ni digrii 20, mtu amevaa sweta ndani ya nyumba yake. Mie jikoni kwangu mwezi wa tatu saa nane mchana nimepima kwa themometa, 32. Na mafuta ya maziwa yakifika baina ya 32 na 35 yashakuwa mafuta ya kumimina kabisa, kigumu kilichobaki ni kidogo sana. Yaani chumba chetu sisi ndio sufuria yao. Ile siagi wanayoisifu, inayopakika bila kuchana mkate na bado imesimama, inataka kama digrii 18 mpaka 21, na Mombasa hiyo hupati hata usiku wa kaskazi, manake usiku wenyewe ni 24, 25, unalala umetupa shuka. Labda mwezi wa saba, kusi likivuma vizuri, alfajiri ndio unaona siagi imekaa sawa sawa kama picha, na ikifika saa nne ishalegea tena.

Kwa hiyo nikaanza kujaribu. Miezi mingapi sijui, mume wangu ashachoka na mimi, akiniona na ile themometa anauliza leo nani mgonjwa.

Kwanza nilitaka kujua kwani siagi ni kitu gani hasa, manake sisi hapa kila kinachopakwa kwenye mkate ni siagi. Mtoto ukimtuma dukani "niletee siagi" atakuletea Blue Band na wala hajakosea, ndivyo tunavyosema. Lakini ile ni majarini, mafuta ya mimea, ndio maana mwenye duka anaipanga rafuni karibu na sabuni na haimsumbui, ishatengenezwa na mafuta yanayovumilia joto. Na siisemi vibaya, nimekulia hiyo. Hata asili yake ni kutafuta kitu rahisi badala ya siagi, Mfaransa mmoja anaitwa Hippolyte Mège-Mouriès ndiye aliyeitengeneza mwaka 1869, Napoleon wa tatu alikuwa anataka kitu cha kuwalisha wanajeshi na maskini. Mimi leo naongea siagi ya maziwa, ile ya kwenye karatasi ya foili, ambayo bei yake sai wacha tu, na ndio maana ile iliyoyeyuka mezani iliniuma mpaka nkakaa kitako.

Hiyo siagi ya maziwa kama asilimia 80 ni mafuta, 16 hivi ni maji, na kidogo kilichobaki ni zile chembe za maziwa zenye protini na sukari yake. Maji hayo yamejificha ndani ya mafuta vitone vidogo sana huvioni kwa macho. Na vijidudu vinaishi kwenye maji, kwenye mafuta matupu haviwezi. Sasa ukinunua ile yenye chumvi, chumvi yote inakimbilia kwenye yale maji, haikai kwenye mafuta. Piga hesabu: gramu mia za siagi ina chumvi gramu moja na nusu hivi, umeitia kwenye gramu 16 za maji, hayo maji yamekuwa ya chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari hii yetu! Kijidudu gani kitastarehe humo. Ndio sababu siagi ya chumvi unaweza kuiacha nje ikavumilia na ile isiyo na chumvi hapana, hiyo ya kupikia keki iache kwenye friji utoe ukitaka kuitumia. Nimeona watu wanachanganya hizi mbili alafu wanalalamika siagi imechacha.

Na siagi ya vitunguu saumu ile ya kujitengenezea usiiache nje kabisa, kitunguu kibichi ndani ya mafuta kwenye joto ni hatari, hiyo haina mjadala.

Lakini hata hiyo ya chumvi, kuvumilia si kudumu milele. Wamarekani wizara yao ya kilimo inasema siku moja mpaka mbili nje, na nyumba zao ni za baridi kuliko zetu. Mimi kwangu nimejiwekea siku moja wakati wa kaskazi, siku mbili wakati wa kusi, na sitoi zaidi ya kile kitakacholiwa. Inayoiharibu kwanza wala si vijidudu, ni hewa na mwanga. Mafuta yakipata hewa na jua yanageuka, utaona ule upande wa nje umekuwa wa njano iliyokolea kuliko ndani, na ukinusa kuna harufu kama ya krayoni za watoto au rangi ya zamani. Alafu kuna ile harufu nyengine, mbaya zaidi, ya mtoto aliyetapika maziwa, samahani kama unakula. Hiyo ni asidi ya butiriki, na jina lake limetoka kwenye siagi yenyewe, kwa Kilatini siagi ni butyrum. Ukiinusa hiyo usijipe moyo ati utaipikia, itaharibu na chakula.

Kwa hiyo kile kibakuli cha kioo kizuri nilichonunua ili siagi ionekane, kosa. Kioo kinapitisha mwanga. Nikahamia cha kaure cheupe chenye kifuniko kizito.

Sasa kuna jambo hakuna aliyeniambia, nimeligundua mwenyewe Ijumaa moja. Mavyaa, yaani mamake mume wangu, anakaa na sisi, kazaliwa Kibokoni na Ijumaa kwake bila udi si Ijumaa. Kafukiza nyumba nzima, pazia, nguo, mpaka jikoni kapita na chetezo. Jioni mume wangu anakula mkate na siagi, anatafuna, anasimama, anatafuna tena. "Hii siagi mbona yanukia kama harusi?" Wallahi siagi ilikuwa imenyonya udi wote! Kifuniko hakikuwa kimekaa sawa. Siagi inashika harufu kuliko kitu chochote jikoni. Wiki nyengine ilikuwa kwenye friji karibu na papa mkavu niliyeletewa kutoka Lamu, na papa mnamjua, hata umfunge na mifuko mitatu atatoka tu. Ile siagi tuliiliaje sijui.

Nikamuelezea mavyaa, akacheka akanambia, "Mwanangu, kwani sie asmini twaitia kwenye mafuta ya nazi kwa nini? Mafuta yashika harufu, wewe hukujua?" Na kweli. Tena Ufaransa kuna mji unaitwa Grasse, kazi yao marashi, na zamani walikuwa wanapanga asmini juu ya mafuta ya mnyama kwenye vioo mpaka mafuta yajae harufu ndio waitoe wafanye marashi. Mavyaa hajafika Grasse lakini hilo analijua tangu yuko mwari. Funga siagi yako, basi.

Sasa tuje kwenye zawadi ya wifi.

Wifi yangu anakaa Uingereza, na nilipomlalamikia kwenye simu akaniletea zawadi, kitu cha kaure kina vipande viwili: chini kama kikombe kikubwa, juu kifuniko ambacho ndani yake kina kikombe kidogo kinachoning'inia. Siagi unaishindilia kwenye kile kikombe kidogo, unatia maji baridi kwenye kikubwa, alafu unakipindua kile kidogo kinaingia kichwa chini, mdomo wake unagusa maji. Maji yanaziba, hewa haiingii, siagi inakaa laini na haichachi, maji unabadilisha kila baada ya siku mbili tatu. Kitu cha akili sana. Nilikipenda, nikakiweka katikati ya meza, kila mgeni akiingia namuonyesha.

Siku ya tatu kukawa na joto, na stima ikapotea kuanzia saa tano hata feni haiendi. Tumekaa sebuleni mie na mavyaa tunapepea, tukasikia kutoka jikoni, chubwi.

Mavyaa akaniangalia. "Nini hiyo?"

"Mama, nadhani ni siagi."

Imedondoka yote. Nilipoinua kifuniko kikombe kidogo kitupu, kimeachwa na utando tu, na kule chini bonge linaelea kwenye maji kama ngalawa iliyopinduka. Nikaliopoa na kijiko, limeingia maji, ukilipaka mkate unalowa. Nilipochunguza nikaja kuona hata wanaouza vitu hivyo wanaonya visikae penye joto, siagi ikilegea inaanguka, sababu kinachoishikilia mle ni ugumu wake wenyewe tu. Sasa ugumu Mombasa utautoa wapi. Ukitaka kukitumia kitu hicho hapa itabidi maji uyatie barafu asubuhi na adhuhuri, na ukishashinda unaihudumia siagi hivyo kama mgonjwa wa wodini basi kwani si bora uirudishe kwenye friji tu?

Mavyaa kwa heshima zake hakusema kitu siku ile. Siku ya pili ndio akanambia, "Zamani hatukuwa na friji, na maji twanywa baridi. Baridi yatoka wapi? Kwenye mtungi."

Hapo ndipo chungu kinapoingia.

Mtungi unafanyaje kazi nadhani wengi tunajua bila kujua. Udongo ule una matundu madogo madogo, maji yanapenya mpaka nje, unaona mtungi unatoa jasho. Yale maji ya nje yakikauka yanaondoka na joto, na ndani panapoa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alichukua ujanja huo huo akaweka chungu ndani ya chungu, katikati akajaza mchanga uliolowa, wakulima wakawa wanahifadhi mboga zao bila stima, na akapata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Sasa mie nikasema kama nyanya inakaa, siagi kwa nini isikae.

Nikaenda Kongowea nikanunua kijungu kidogo cha udongo mtupu, yule bibi anayeuza akanambia ni cha Jomvu. Nikakuta bei yake haifiki hata robo ya siagi yenyewe. Kabla ya hapo lakini nilikuwa nimefanya ujinga, nilichukua chungu changu cha zamani cha kupikia samaki nikidhani ni ile ile. Kumbe chungu kilichopikiwa miaka kimeshiba mafuta, matundu yote yamezibika, hakitoi jasho hata kidogo, na siagi ikatoka inanukia samaki changu wa nazi. Lazima kiwe kipya, hakijaona moto wala mafuta, na kisiwe cha kung'aa kile kilichopakwa.

Kijungu ukilete nyumbani ukiloweke kwenye ndoo usiku mzima. Utaona povu linatoka, tititi titi, kinakunywa. Asubuhi nachukua sinia ndogo naijaza maji kama vidole viwili, katikati naweka kipande cha kigae cha sakafu kilichobaki fundi alipomaliza kazi, juu ya kigae naweka kile kibakuli cha kaure chenye siagi na kifuniko chake, alafu kijungu nakifunika juu yake kichwa chini, mdomo wake umo ndani ya maji. Juu nakitupia kitambaa cha pamba, leso kuukuu iliyochanika inafaa kabisa, ncha zake zinaingia kwenye maji ya sinia zinyonye zenyewe. Yote naiweka dirishani upande unaopata upepo lakini jua halifiki. Na faida ambayo sikuitarajia: chungu wale wa kutambaa hawawezi kuvuka maji. Wanakuja mpaka ukingoni wanazunguka zunguka wanageuka.

Nikapima. Mwezi wa tatu saa nane, mezani 32, chini ya sinki kwenye sakafu 30, ndani ya kijungu 27. Digrii tano! Najua 27 si baridi, siagi ya 27 ni laini sana, ukiigusa inakubali kidole bila kusukuma, lakini imesimama, haijawa mafuta, ukiipaka inakaa juu ya mkate badala ya kuzama. Mwezi wa saba nikapima tena, mezani 27 ndani 24, na hapo ndio imekuwa tamu haswa, siagi ya kujisifu nayo.

Ila nisikudanganye. Ujanja huu hapa kwetu unafanya kazi nusu, manake hewa ya Mombasa ishajaa maji, na maji hayakauki haraka penye hewa iliyoshiba. Ndugu yangu alifanya kazi Garissa, huko hewa kavu, maji ya mtungi anasema yanauma meno. Sisi siku zile ambazo nguo zinashinda kambani hazikauki, kijungu nacho hakipozi. Utajua kwa nguo zako tu. Siku kama hizo, au upepo ukikatika, natoa siagi ya kula wakati ule ule na nyengine hairuhusiwi kuonekana.

Na hapo ndio nimefika kwenye mazoea yangu ya sasa, ambayo ni ya kivivu lakini yanafanya kazi. Siagi ikija kutoka dukani, ikiwa bado ngumu, naikata vipande vya kama vidole viwili, kila kimoja nakifunga kwenye karatasi yake na naweka yote kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, mbali na papa. Usiku nikishafunga milango natoa kipande kimoja tu naweka chini ya kijungu. Alfajiri kiko sawa, boflo halichaniki, mtoto halii. Kikibaki kidogo mchana kinaenda kwenye kikaango cha mayai, hakirudi kwenye friji tena. Siagi ikishayeyuka alafu ukaigandisha hairudi kuwa siagi ile, yale maji yaliyojificha yashajitenga na mafuta yanaganda kivyake, unakuta ina chenga chenga mdomoni. Haina madhara, lakini tamu imeondoka.

Kisu kiwe kisafi. Hili tumegombana nyumbani mpaka basi. Mtoto anachota jemu, kisu hicho hicho kwenye siagi, makombo ya mkate yanabaki humo, na kombo lina maji na chakula chote ambacho ukungu unataka. Nimeweka kisu cha siagi peke yake, kina uzi mwekundu kwenye mpini, atakayeonekana nacho kwenye jemu anaosha vyombo vya siku mbili.

Ukisahau kutoa usiku, na nasahau sana, usikimbilie maikrowevu. Inayeyusha katikati na nje pagumu, dakika ile ile una supu na jiwe pamoja. Chukua greta ya karoti, ukune siagi baridi moja kwa moja juu ya mkate kama nazi, nyuzi nyembamba hizo mpaka unamaliza kumimina chai zishalainika. Au jaza glasi nene maji ya moto, ikishashika joto mwaga, ifute, uifunike juu ya kipande cha siagi. Kwa joto letu hata dakika tatu hazifiki. Ya greta naipenda zaidi, isipokuwa kuiosha.

Sasa mavyaa yeye mambo yote haya anayaona mchezo wa watoto. Kwake siagi haifugwi, siagi inapikwa. Stima ilipokatika siku mbili mfululizo mwaka huu, na mimi nina nusu kilo kwenye friza inaanza kutoa jasho, akaninyang'anya. "Lete hapa tuifanye samli." Nilikuwa najua samli ya kununua, ya chapati na biriani, na ile ya Kisomali yenye harufu ya hiliki, lakini sijawahi kusimama nikatazama inavyogeuka.

Sufuria nzito, moto mdogo, siagi ile isiyo na chumvi ndio nzuri lakini kilichokuwepo ndicho kilichotumika. Imeyeyuka, ikatoa povu jeupe, alafu ikaanza kusema. Prrr, chiriri, kama mvua juu ya bati. Mavyaa hatazami, anachambua mchele wake, anasikiliza tu. Nikataka kukoroga akanambia acha. Ile sauti ni maji yanaondoka, maji yakiwemo moto hauwezi kupanda zaidi ya digrii 100 na kidogo. Baada ya robo saa hivi ikanyamaza. Kimya. Na palepale harufu ikabadilika, ikawa ya njugu zilizokaangwa, na chini ya sufuria zile chembe za maziwa zimekaa rangi ya kahawia. "Haya sasa, epua, kabla haijaungua." Tukachuja kwa kitambaa cheupe kwenye chupa kavu, akaikagua chupa mara tatu kama ina tone la maji. Nusu kilo ikatoka gramu mia nne hivi, ndio zile asilimia 80, iliyobaki imekwenda hewani na kwenye mashapo. Na yale mashapo wala hatukuyatupa, watoto wameyachanganya na sukari wakapaka kwenye mkate.

Chupa hiyo iko rafuni kwangu, huu ni mwezi wake wa tatu. Haina maji, haichachi upesi, mchana inalainika usiku inaganda, haijali stima imekuja au haijaja. Kwenye mkate wa mofa wa moto na asali kidogo wala hutatamani siagi. Kwenye boflo lakini, na hapa mavyaa tumeshindwa kukubaliana mpaka leo, samli haifiki. Boflo linataka ule ubaridi kidogo na chumvi na ladha ya maziwa, samli inazama tu. Yeye ananyunyiza chumvi juu ya samli anasema ni ile ile. Si ile ile, na nimemwambia kwa adabu.

Kwa hiyo tunaishi na vyote viwili, kijungu dirishani na chupa rafuni. Ile zawadi ya wifi nayo haikupotea, mavyaa kaipenda, kifuniko kinakaa vizuri hewa haipiti, kwa hiyo katia ubani wake humo na iko chumbani kwake karibu na chetezo. Juzi wifi kapiga simu, anakuja Disemba, akauliza siagi yake inaendeleaje. Nikamwambia inaendelea vizuri. Sasa nafikiria nikiosha ile kaure mara ngapi harufu ya ubani itatoka.